Uzito wa Hatua Moja

Kiswahili kimelibebesha goti mambo mengi. Mtu hupiga goti mbele ya mkubwa wake, hupiga magoti mbele ya Mola wake, na aliyeshindwa husemwa kuwa amepigishwa magoti. Mtoto huianza safari ya dunia kwa kutambaa, na mzee huimaliza akiyalalamikia magoti yale yale. Hata hivyo, kiungo hiki chenye kazi nyingi hakisikiki kikiwa kizima. Goti hutambulikana siku linapouma.

Mama mmoja wa Mombasa, mkazi wa Downsview, kaskazini-magharibi ya jiji la Toronto, alilitambua lake siku moja ya Januari, aliposerereka kwenye barafu akiwahi basi katika barabara ya Keele. Alikuwa na umri wa miaka 58 na uzito wa kilo 96, na kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee usiku: kuwageuza kitandani, kuwainua, kuwaogesha. Picha zilionyesha kwamba kile kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mwandamo, kinachokaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, kilikuwa kimechanika; na kwamba gegedu linalofunika ncha za mifupa lilikwisha kuanza kulika kabla ya siku hiyo. Daktari hakutaja upasuaji. Alitaja mambo mawili: apunguze uzito, na afanye mazoezi.

“Daktari, mazoezi nitayafanyaje, na mguu wenyewe ndio huu?”

Swali hilo ndilo kitanzi cha watu wengi wa rika lake. Goti linauma kwa sababu ya uzito, na uzito hauondoki kwa sababu goti linauma. Anayepumzika ili apone hunenepa, na anayekimbia ili apungue huumia. Kwake yeye kitanzi kilikuwa kimebana zaidi. Kazi ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto wa nduguye huko Mombasa, na kazi hiyo haifanywi na mtu wa kuchechemea. Bima ya afya ya Ontario nayo, kwa kawaida, haimlipii mtu wa umri wake tiba ya viungo nje ya hospitali. Hiyo ni haki ya waliofika miaka 65, na ya vijana wa miaka 19 kushuka chini.

Downsview ni mahali panapojua hesabu ya uzito. Kampuni ya de Havilland ilihamia hapo mwaka 1929, na kwa zaidi ya miaka 90 ndege ziliundwa katika viwanda vyake; hata ndege za Q400 ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016 ziliunganishwa hapo kabla ya kuvuka bahari. Uwanja wa ndege ulifungwa mwaka 2024, lakini fundi wa ndege yeyote wa mtaa ule anajua kwamba kilo moja ikizidi, hulipiwa katika kila safari.

Goti nalo lina hesabu yake. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walipima nguvu inayolielemea goti la mtu mnene mwenye ugonjwa wa kulika kwa gegedu anapotembea. Waligundua kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Mtu akipiga hatua elfu moja kwa mguu mmoja, basi kilo hiyo moja imeliondolea goti tani nne. Aliyepungua kilo tano hapewi mwili mpya, lakini goti lake hupata afueni ambayo dawa za maumivu haziwezi kulipa.

Ugumu ni kwamba maneno hayo yalimfikia mtu aliyelelewa katika hesabu nyingine. Pwani, mwili ni habari njema. Mwanamke aliyenawiri ametunzwa. Aliyekonda ana ugonjwa, au ana majonzi, au ana mume mbaya. Na zoezi lenyewe, kwa maana ya kuuchosha mwili bila ya kupata kitu mkononi, lilikuwa jambo la askari na watoto wa shule. Wanawake waliomlea walifanya kazi. Walichota maji, walitwanga, walikaa juu ya mbuzi wakakuna nazi, magoti yakiwa juu na mgongo umeinama, wakanyanyuka bila ya kushika ukuta. Mwili wao ulikuwa na mazoezi yasiyokuwa na jina. Kule Downsview maji yamo bombani, nazi imo koponi, na lifti inampeleka mtu hadi ghorofa ya kumi na moja. Kazi iliyobaki ni ile ya kuinua wengine, na hiyo huumiza kuliko inavyojenga.

Binti yake ndiye aliyemtajia bwawa. “Mama, maji yatakubeba.” Naye akajibu kama angalivyojibu mama yake: “Mwanangu, mie na kuogelea wapi na wapi?” Miaka yote ya utotoni aliishi hatua chache kutoka baharini, na bahari ilikuwa ya wavuvi na ya watoto wa kiume. Wasichana waliingia hadi kwenye vifundo vya miguu, wakirudi nyumbani wakiulizwa kwa nini kanga zimelowa.

Lakini baadhi ya mabwawa ya jiji la Toronto yana saa za wanawake pekee, na jiji lina utaratibu wa kuwasaidia wenye kipato kidogo katika ada za michezo. Alikwenda amevaa vazi la kumsitiri kuanzia kichwani hadi vifundoni. Hakuogelea, alitembea. Maji yakimfika mtu kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu ya uzito wake. Yakimfika kifuani, hubeba kama theluthi. Yakimfika shingoni, hubaki kama sehemu moja ya kumi. Maji yale yale yanayombeba humzuia pia, kwa hiyo kila hatua huifanyisha misuli kazi bila ya kulitwanga goti. Wajuzi wa mambo haya huonya juu ya jambo moja: mtindo wa kuogelea kama chura, wa kuipanua miguu na kuifumba kwa nguvu, hulisokota goti bovu. Kutembea kunatosha.

Siku asizokwenda bwawani alijifunza kiti. Kuketi na kunyanyuka bila ya kujisukuma kwa mikono, mara kumi, kisha apumzike, kisha tena. Kuunyoosha mguu mbele akiwa ameketi, na kuushikilia hapo kwa pumzi chache. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolishika goti, na inapodhoofika, mifupa hupokea kishindo ambacho misuli ingalikipokea. Baadaye ikaja baiskeli isiyokwenda mahali, kiti chake kikiwa juu kiasi cha goti kukaribia kunyooka kanyagio linapofika chini. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa ndani ya kiungo, ambao huingia na kutoka goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Goti lisilotumika, basi, hulala na njaa.

Woga wa maumivu ndio uliochukua muda kumtoka. Mpango wa GLA:D, ulioanzia Denmark mwaka 2013 na kufika Kanada mwaka 2016, huwafundisha wagonjwa wa goti kuyapima maumivu kuanzia sifuri hadi kumi: yanayofika tano yanavumilika, mradi yawe yametulia kufikia kesho yake. Kwa mtu aliyezoea kuwa maumivu ama ni amri ya kulala ama ni jambo la kulificha, kuyapa namba kulikuwa elimu mpya. Alianza kusema, “Leo ni tatu,” kama asemaye bei ya nyanya.

Upo ukweli mmoja usiopendeza, na ni vyema usemwe. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo sana. Utafiti mwingine wa Wake Forest, uliotolewa mwaka 2013 na kuhusisha watu 454, ulionyesha kwamba baada ya miezi 18 waliofanya mazoezi tu walipungua wastani wa kilo 1.8; waliobadilisha chakula tu, kilo 8.9, na waliofanya yote mawili, kilo 10.6. Hao wa mwisho ndio waliopata nafuu kubwa ya maumivu. Kwa hiyo bwawa lilimrudisha jikoni. Wali wa nazi haukuondoka mezani, ila ulikuja Ijumaa. Mahamri ya alfajiri, aliyoyala akitoka kazini kwa uchovu zaidi kuliko kwa njaa, yaliachia nafasi kunde na mchicha. Hilo lilimtesa kuliko baiskeli.

Kufikia majira ya baridi yaliyofuata alikuwa amepungua kilo saba. Dada yake mkubwa alimwona kwenye simu, akashtuka. “Mbona umekwisha hivyo? Waumwa?” Alimjibu kwamba hajapata kuwa mzima kama sasa, na dada hakuamini. Mazungumzo hayo yalirudiwa kila Jumapili, na hakuna upande ulioshinda.

Goti halikurudi kuwa la ujana. Siku za theluji nzito husali juu ya kiti, kwa ruhusa ambayo dini imempa mgonjwa tangu zamani; siku nyingine hufika chini, taratibu, mkono ukitangulia. Bado huwageuza wazee usiku, sasa akisukuma kwa mapaja. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, nao hawakuwahi kuona barafu ya Keele. Mwenda pole huko hujikwaa pia. Tofauti ni kwamba aliyeimarisha mapaja yake, hata akijikwaa, ana kinachomshika.