Saa Moja ya Msambweni, Saa Nne ya Tanga

Nina madaftari mawili ya barabara moja. La kwanza nililijaza Julai 2020: nilitoka Mombasa, nikavuka Likoni, nikapita Ukunda na Diani, nikaishia Msambweni. La pili ni la Agosti 2023. Njia ni ile ile, ila safari hii sikuishia Msambweni, nilivuka mpaka Lunga Lunga nikalala Tanga. La kwanza limeandikwa kwa kalamu mbili, maana ya kwanza ilikwisha wino Ukunda na duka la vitabu lilikuwa limefungwa.

Masimulizi yote ya korona huku kusini huanzia kivukoni, kwa hiyo na mimi nianzie hapo. Jioni ya tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa ya kwanza ya kafyu, na amri ilisema kila mtu awe ndani kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Waliotoka kazini kisiwani walijazana Likoni kungoja feri wawahi kufika makwao. Hata saa moja haijagonga, vitoza machozi vikarushwa na virungu vikaanza kazi. Watu walioambiwa wasikaribiane walilazwa kifudifudi bega kwa bega. Mimi nilikuwa nyumbani, niliyaona kwenye simu kama wengine. Siku hiyo waliotangazwa kuambukizwa Kenya nzima walikuwa hawajafika 40.

Ndiyo sababu ukimuuliza mtu wa Ukunda habari za korona, mara nyingi atakusimulia habari za polisi. Hapotezi mada. Kipigo kilimfikia kabla ya ugonjwa.

Halafu tukafungiwa. Tarehe 8 Aprili saa moja usiku Mombasa, Kwale na Kilifi zikawekwa kufuli, hakuna kutoka wala kuingia. Kilichofuata bado hunichekesha, ingawa wakati ule hakikuwa cha kuchekesha hata kidogo. Mwanzo wa Juni Kwale na Kilifi zilifunguliwa, Mombasa ikabaki imefungwa mwezi mwingine. Sasa Likoni ni Mombasa. Kwale ikapewa uhuru na mlango wake wa mbele ukaachwa na komeo. Mwenye shida bara alizunguka na vumbi la Kinango hadi Samburu ndipo akaipata barabara kuu. Mimi nilingoja. Mombasa ilipofunguliwa tarehe 7 Julai nilijipa siku kumi na moja za kuogopa, kisha nikavuka.

Matatu ya watu 14 ilibeba wanane na nauli ilikaribia mara mbili. Utingo alikuwa na chupa ya sanitaiza iliyofungwa kwa kamba ya mkonge kwenye nguzo ya mlango, na kila abiria alipopanda alimnyunyizia tone moja kiganjani kwa ubahili, kama anayegawa hal-udi. Maski zilivaliwa kidevuni hadi vizuizi vya polisi, hapo zikapanda, tukipita zikashuka. Nimeandika kwamba tulivuka vizuizi viwili na kwamba mzee wa kiti cha mbele aliivaa yake juu chini njia nzima, na hakuna aliyemwambia.

Diani ilikuwa imenyamaza. Wanaoijua barabara ile ya hoteli watanielewa nikisema nilisikia mawimbi nikiwa barabarani. Majani ya minazi yalirundikana mbele ya mageti, askari mmoja alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki, na mbega walitembea juu ya ukuta bila kumjali. Ufuoni hakukuwa na mzungu wala ngamia. Mabichi-boi wawili walikuwa wakicheza bao la mchangani, na vinyago vyao vilikuwa vimefunikwa turubai.

Mwenyeji wangu alikuwa weita wa hoteli kwa miaka 14. Machi alipigiwa simu akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe, bila mshahara. Nilimkuta kwenye shamba la mamake upande wa Mwabungo, anapalilia mihogo kwa jembe ambalo mpini wake ulikuwa bado mweupe. Alikuwa na malengelenge ya mtu mgeni wa jembe. Alinionyesha simu yake kabla hata hajanipa maji. Rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi Nungwi, Unguja, alikuwa amepiga picha na meza iliyojaa watu. Tanzania ilifungua anga yake tarehe 18 Mei, na Kenya ilikuwa bado inangoja tarehe 1 Agosti kuruhusu ndege za nje.

"Ndugu, bahari si ile ile moja?" akaniuliza. "Sasa huko korona haiogelei?"

Hesabu za mwaka zilipotoka, zilisema alichokuwa akikisema yeye. Wageni kutoka nje waliozidi milioni 2 mwaka 2019 walishuka chini ya laki 6 mwaka 2020. Ila kilichonikaa kichwani ni neno lake moja, msimu. Mtu wa Diani hahesabu mwaka kwa miezi. Upo msimu wa Julai na Agosti, upo wa Desemba kwenda Machi, halafu mvua za masika hoteli hupaka rangi na vibarua hupumzishwa. Karo, bati za nyumba, mahari, yote husemwa "msimu ujao". Siku ile alilitamka neno hilo mara ya kwanza kwa mazoea, akakatika, akaangalia mihogo. Mihogo nayo ina msimu, lakini ni miezi tisa au zaidi, na haiachi bakshishi. Mwanawe wa darasa la sita alikuwa kando yetu anachuma kunde, na hakuingia darasani tena mpaka Januari 2021.

Msambweni nilifika alasiri. Hospitali ya rufaa ya kaunti ndiyo iliyokuwa ikipokea wagonjwa wa korona, na watu walipita upande wa pili wa barabara kana kwamba ukuta nao hukohoa. Sikuingia. Nilikwenda kwa mama karanga.

Kwa asiyejua, mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki wadogo pale mashua zinapotua, akawakaanga na kuwauza kwa kipande au kwa mafungu. Huyu alikuwa chini ya mkwaju, karai moja, mafiga matatu, beseni la enameli lenye ua jekundu. Alikuwa na tafi na changu. Tafi humtia visu vitatu ubavuni, hupitisha chumvi na ndimu kwa dole gumba ndani ya kila kisu, humwacha hadi jicho ligeuke jeupe, ndipo akamtia mafutani, kichwa kwanza. Mafuta yakinyamaza, samaki ameiva. Hakutazama karai hata mara moja. Alisikiliza tu, huku akinisimulia.

Aliniambia biashara yake haikuuliwa na ugonjwa, iliuliwa na saa. Zamani aliwasha moto saa kumi na moja jioni. Wateja wake walikuwa wanaume watokao mangweni, tumbo lina mnazi na mfuko una chenji, na hao huja kiza kikiingia, saa moja hadi saa tatu. Kafyu ilikata hapo hapo. Mangwe zilifungwa, saa zake nzuri zikawa za polisi. Juni kafyu ilisogezwa hadi saa tatu, lakini wateja walikuwa wameshapoteza mazoea, au pesa. Samaki kwa upande mwingine walikuwa wengi. Pweza na kamba wakubwa waliokuwa wakienda hotelini walikosa pa kwenda, na vijana waliofukuzwa na hoteli walirudi baharini na mishipi ya babu zao.

"Nina samaki wa kuuza na sina saa ya kuuzia," akasema. "Umewahi kuona, mwanangu?"

Nilinunua tafi wanne. Saa kumi na mbili na robo alizima moto kwa maji, ingawa sheria ilimpa hadi saa tatu. Alisema hawaamini wale wenye saa.

Baada ya safari ile mambo yalikimbia, na daftari halikukimbia nayo. Kafyu ikaenda saa tano, ikarudi saa nne. Mbunge wa Msambweni, Suleiman Dori, alikuwa amefariki siku chache kabla ya mgonjwa wa kwanza wa Kenya kutangazwa, na uchaguzi mdogo ukaja tarehe 15 Desemba 2020. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu. Mikutano ya kampeni sikuona aliyehesabu. Watu wa Msambweni waliliona hilo na hawajalisahau. Mwanzo wa 2021 wakazi wa Likoni walianza kuvuka kwa miguu daraja la kuelea la Liwatoni, lililojengwa ili kupunguza msongamano wa feri. Chanjo zilitua Machi. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na mwezi Machi uliofuata maski zikawa hiari.

Daftari la pili. Agosti 2023, miezi mitatu tangu Shirika la Afya Duniani litangaze kwamba dharura imekwisha. Diani haikunyamaza tena. Nilingoja dakika kumi kuvuka barabara ile ile. Weita wangu amerudi kwenye shati jeupe, na "msimu ujao" limerudi mdomoni mwake, ila shamba hakuliuza. Amemwajiri kijana alilime. Nilipomwuliza korona ikirudi atafanya nini, hakutaja chanjo wala hospitali. Alisema atanunua mchele magunia mawili kabla kaunti haijafungwa.

Lunga Lunga hadi Horohoro ni hatua chache, na siku hizi ni dirisha moja na mhuri. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka huu kwa watu, ikaacha malori tu, na madereva wakapimwa mmoja mmoja. Malori yakakwama, pande zote mbili zikanuniana. Waliozaliwa hapa hawaoni mpaka kama waonavyo maofisa. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, mjomba huku, shangazi kule. Mzee mmoja wa Lunga Lunga aliniambia dadake alizikwa upande wa pili mwaka ule, na yeye akalisikiliza hanga lake kwa simu, kadi ya salio ikimwishia kabla ya dua. Njia za panya zilikuwepo. Hakuzitumia, alisema, kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya sheria.

Tanga nilijaribu kuuliza maswali yale yale na hayakushika. Hata maneno hayakuwa yale. Kwetu mtaani ni maski, kule ni barakoa. Bibi yangu angecheka, kwa sababu barakoa aliyoijua yeye ilivaliwa na mabibi wa Kiarabu wa Unguja na Pemba, na haikuwa ya kuzuia kikohozi. Kwetu ni korona, kule bango la zahanati liliandika UVIKO-19. Hata tafi wangu kule ni tasi.

Lakini tofauti kubwa ni ya kalenda. Kwale watu huhesabu: ilikuwa kabla ya kafyu, mtoto alizaliwa kafyu ya saa tatu. Kila alasiri tulisomewa idadi, kaunti kwa kaunti, tukaijua kama matokeo ya mpira. Tanzania iliacha kutoa hesabu mapema Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na Rais Magufuli akahimiza watu wasali na kujifukiza. Dereva wa bajaji aliyenichukua stendi alikumbuka nyungu ya mamake, mwarobaini, mchaichai na majani ya mlimau chini ya blanketi, na alikumbuka kwamba ilimsaidia. Alikumbuka Maalim Seif, aliyefariki Februari 2021 baada ya chama chake kusema wazi kwamba ana korona, na alikumbuka Machi, alipofariki Magufuli mwenyewe. Chanjo ilikuja Julai, chini ya Rais Samia. Alipofika kwa baba yake mdogo alipunguza sauti, akasema alikufa kwa changamoto ya kupumua. Neno zima, kama lilivyoandikwa. Sikumwuliza zaidi.

Sitaki kuamua nani alipatia. Nilipigwa na butwaa zaidi na namna wanavyoitazama kesho. Wa Kwale anaitarajia ije na amri, kwa hiyo anaweka mchele. Wa Tanga haitarajii, kwa sababu hakuna aliyemwambia rasmi kwamba ile ya kwanza ilipita.

Usiku ule, saa nne, nilikula tasi kando ya barabara ya bandari. Moshi, taa za balbu, vijana wanabishana Simba na Yanga, na mama wa karai ndiyo kwanza anaongeza kuni. Nilimwuliza zile siku za korona alifunga saa ngapi.

"Nifunge kwa nini?" akasema, akanigeuzia samaki.

Kurudi, niliteremka Msambweni saa kumi na mbili kasoro. Mkwaju upo, beseni lenye ua lipo. Alinijua baada ya kunitazama kidogo. Moto ulikuwa tayari ni makaa na samaki wamebaki watatu, baridi. Nikamwambia, mama, kafyu iliondoka karibu miaka miwili sasa, mangwe zimejaa, wenzako barabarani wanauza hadi saa nne. Akasema anajua. Wateja wake sasa huja alasiri, wengi ni wanawake, hulipa papo hapo na hawatapiki. Na saa tatu yeye huwa amelala.

Akanifungia wale watatu kwenye gazeti, akanipunguzia shilingi kumi kwa sababu ya baridi, akazima makaa.