Daktari wa Familia Awepo Mezani

Karatasi ya polisi iliyoletwa pamoja na maiti mara nyingi haikuzidi mstari mmoja. Alijinyonga seli. Aliugua ghafla. Alijigonga ukutani. Daktari mmoja wa patholojia, aliyefanya kazi katika mochari za Pwani ya Kenya hadi alipostaafu, alizoea kuisoma, kuiweka kando, kisha kuanza na nguo za marehemu.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Nguo hukaguliwa kabla ya kuvuliwa, kila jeraha hupigwa picha likiwa na rula ubavuni, kisha huchorwa kwenye fomu. Shingo huachwa mwisho. Hufunguliwa kwanza fuvu na kifua ili damu ichirizike, ndipo misuli ya shingo ichunwe tabaka baada ya tabaka. Anayeianza mapema atakuta damu imevujia pale na kuidhania alama ya kukabwa. Mgongo, matako na nyayo nazo hupasuliwa, hata ngozi ikionekana nzima. Kwenye ngozi nyeusi, kipigo cha rungu chaweza kujificha kabisa, na chini yake nyama ikawa imejaa damu iliyoganda. Daktari anayeishia kwenye kifua na tumbo, akaandika "moyo ulisimama", hajachunguza kitu. Moyo wa kila maiti umesimama.

Siku moja mezani palikuwa na kijana aliyefia kituoni, na afisa wa kituo kilekile aliingia akasimama kando ya meza, atazame. Daktari aliweka kisu chini hadi afisa akatoka.

Nje, kwenye benchi, baba wa kijana alitaka kuzika kabla ya alasiri, kama ilivyo desturi ya Waislamu kutomchelewesha maiti. Daktari alimwendea, akaketi.

"Shikamoo mzee. Tukimzika hivi, hakimu hatakuwa na cha kusoma ila maneno ya polisi."

Mzee alinyamaza kitambo. "Basi mfungue, daktari. Lakini tumsitiri kabla ya magharibi."

Wakamsitiri kabla ya magharibi.

Kilichompa daktari msimamo huo ni kesi za Afrika Kusini alizozisoma tangu akiwa mwanafunzi. Mwanaharakati Steve Biko alipofariki mikononi mwa polisi tarehe 12 Septemba 1977, waziri wa polisi Jimmy Kruger alizungumzia mgomo wa kula. Lakini familia ilikuwa na daktari wake, Jonathan Gluckman, kwenye upasuaji uliofanywa na mwanapatholojia wa serikali, Johan Loubser, na kilichoonekana kilikuwa jeraha la ubongo. Hakimu Marthinus Prins hata hivyo hakumtia lawamani mtu yeyote. Ukweli ulibaki kwenye ripoti, na hilo si dogo.

Thamani ya ripoti kama hiyo ilionekana katika kesi ya mwanaharakati Ahmed Timol. Mwaka 1971 polisi walidai amejirusha kutoka ghorofa ya kumi ya kituo cha polisi cha John Vorster Square, Johannesburg, na mwaka uliofuata hakimu akakubali. Mwaka 2017 wataalamu waliyapitia upya majeraha yaliyoandikwa kwenye upasuaji wa zamani, wakaonyesha kwamba mengine aliyapata kabla ya kuanguka. Jaji Billy Mothle akaamua kwamba Timol aliuawa. Ndugu walikuwa wamengoja miaka 45.

Akiwa tayari amestaafu, daktari huyu alifuatilia kifo cha mwalimu Albert Ojwang, Juni 2025, katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Dkt. Bernard Midia na wenzake walikuta majeraha pande mbalimbali za kichwa, dalili za kubanwa shingo na vipigo mwilini. Anayejigonga ukutani huumia zaidi mbele. Maelezo ya polisi yakaporomoka katika siku chache, kwa sababu mwili ulifunguliwa mapema na kwa ukamilifu.

Kenya ilipitisha mwaka 2017 sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, wasiokuwa chini ya polisi. Ojwang alipofariki, miaka minane baadaye, huduma hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi. Ianzishwe. Na wewe uliyepigiwa simu kwamba ndugu yako amefia kituoni, usitie saini ya kuuchukua mwili kabla hujadai uchunguzi kamili, picha, nakala ya ripoti, na daktari wa kuwakilisha familia mezani.