Benzi Nyeusi ya Bi Mkubwa

Mama mwenye nyumba ninayopanga hapa Bidiya ana Mercedes-Benz W123 nyeusi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mama huyu kazaliwa Unguja, na sote tunamwita Bi Mkubwa. Gari inalala chini ya kipaa cha mabati kinachofunika nyuma tu, kwa hiyo boneti imepigwa jua miaka yote mpaka ikawa kijivu kama jivu la ubani. Fundi mmoja alimshauri ipulizwe rangi upya. Akakataa. "Rangi hiyo kaisugua mume wangu kila Alhamisi." (Enzi hizo mapumziko ya wiki Oman yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, kabla ya kubadilishwa mwaka 2013.)

Nikajitolea. Mimi ni muuguzi, nina diploma ya nyumbani na shahada ya ng'ambo, na kote huko sikufundishwa kusugua boneti. Lakini baba yangu, aliyeko Unguja, kaendesha teksi na gari za ofisi zaidi ya miaka 30, na nilijua simu hiyo ataifurahia. Simu zetu, kama za wengi wetu tulio huku, zilikuwa zimebaki hivi: shikamoo baba, pesa zimefika, presha umepima, haya mwanangu, kwaheri.

Safari hii tulizungumza saa nzima. "Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua pembeni. Kikitoka cheusi, gari haina klia." Nikakiweka mbele ya kamera. "Kina rangi gani?" akauliza. Cheusi tititi, baba.

Akanieleza kwamba gari nyingi za siku hizi hupigwa rangi, kisha juu yake tabaka la klia, na mng'ao unaouona ni wa klia. Hizi za zamani, rangi na mng'ao ni kitu kimoja. Jua likiichoma, juu hukauka na kufa, lakini chini weusi bado upo. Ukisugua unaondoa kilichokufa, na kidogo cha kilicho hai kinatoka nacho. "Rangi hiyo kama sabuni, mwanangu. Inakwisha."

Kwanza maji mengi. Bidiya iko ukingoni mwa jangwa la Wahiba, na upepo ukivuma unakuta mchanga mpaka ndani ya sufuria. Ukifuta gari kavu, kitambaa chako ni msasa. Turubai pia alilikataa kwa sababu hiyo hiyo. Halafu, gari ikiwa baridi, nipake polishi laini yenye mafuta, isiyo na chenga, nzito, ilale usiku kucha. Nikakumbuka visigino vya wagonjwa wangu wa kisukari: huanzi kwa kukwangua, unaanza kwa mafuta. Asubuhi nilipofuta, weusi ulikuwa umerudi karibu nusu. Bi Mkubwa alitoka na kikombe chake cha kahawa, akasimama tu.

Baba alionya jambo moja zaidi: niende mbali na kingo na mikunjo, rangi huko ni nyembamba.

Usiku wa pili nikaiweka simu kwenye kiti ikitazama boneti, ili anisimamie. Palibaki doa la kijivu, nikatia kompaundi yenye chenga. Yeye anahadithia Peugeot 504 yake, mimi nacheka, mkono unakwenda na kurudi juu ya ule mkunjo wa katikati. "Endelea, endelea," anasema. Nilipoinua kitambaa, praima ilikuwa inanitazama, ukubwa wa kokwa ya tende.

"Baba, hukuona nilipo?"

Kimya. Kisha: "Naona ukungu tu, mwanangu. Tangu Ramadhani ya mwaka jana."

Kila siku nawauliza watu wa watu kama wanaona vidole vyangu. Baba yangu nimemuuliza presha na sukari, macho sikuwahi. Na lile swali la rangi ya kitambaa nilidhani ananipima kama mwanafunzi.

Sikulala. Asubuhi nikampigia dada yangu ampeleke kliniki ya macho: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kisha nikaenda kwa Bi Mkubwa, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi, miguu ilikuwa mizito. Aliligusa doa kwa kidole.

"Hapa ndipo alipokuwa akianzia," akasema. "Kila Alhamisi. Wewe umemalizia tu."

Doa nimelipaka rangi kwa brashi ndogo, linaonekana ukiinama. Gari nzima nimeitia nta mara mbili, na nitairudia kila baada ya miezi miwili. Kinyesi cha ndege naosha siku ile ile. Kompaundi nimeitupa. Na tumeigeuza, boneti ndiyo inayokaa kivulini sasa. Miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kuigeuza, mimi pia sikuwa wa kwanza: ni mjukuu wa Bi Mkubwa, wa darasa la nne.

Baba kafanyiwa jicho la kulia mwezi uliopita. Wiki iliyofuata akanipigia yeye, akataka kuonyeshwa gari.

"Sogeza simu. Sogeza tena. Hapo katikati ya boneti pana alama, umefanya nini hapo?"