Kubisha Hodi Ololokwe

Msafiri atokaye Isiolo na kushika njia ya kaskazini huacha nyuma yake soko, misikiti na kelele za mji, na baada ya muda mfupi hujikuta katika nchi kavu ya miiba, mchanga na upepo wa joto. Huvuka Mto Ewaso Ng'iro penye Archer's Post, mto wa maji ya rangi ya udongo, na akiendelea mbele huona upande wake wa kushoto jabali moja kubwa limesimama wima kama ukuta wa ngome, na juu yake ni tambarare. Hilo ndilo Ololokwe, ambalo Wasamburu huliita pia Ol Donyo Sabache. Kilele chake chapata mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi na taabu. Siku hizi barabara ya lami yapita hata Moyale, na kwa sababu hiyo wageni wamezidi.

Naandika khabari za mahali hapa kwa kuwa vijana wetu wengi sasa wapenda kwenda kulala katika mahema na kukwea majabali kwa kamba, na wazazi hawajui wawajibu nini. Wako wanaokataa moja kwa moja kwa hofu. Wako na wanaotoa nauli na dua, wakadhani kuwa yametosha. Mimi nilifuatana na vijana 10 wa madrasa yetu ya Mombasa, pamoja na mwalimu mmoja wa kukwea majabali aliyezoea kazi hiyo kwa miaka mingi, na nimeona kuwa safari ya namna hii huharibika au hufanikiwa kabla gari halijawashwa moto. Basi, ndugu msomaji, nitakueleza matayarisho yetu kwa taratibu, kisha nitakueleza jambo lililotukuta tulipofika.

Mlima una wenyewe

Mtu wa mjini aonapo nchi isiyo ua wala ukuta hudhani haina mwenyewe. Hilo ni kosa kubwa. Nchi ya Ololokwe ni ya jamii ya Wasamburu, ambao huchunga humo ng'ombe, mbuzi na ngamia wao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitambua ardhi ya jamii, na sheria ya mwaka 2016 ikaeleza namna jamii inavyoandikishwa na kuitawala ardhi yake. Tena mlima umo katika eneo la hifadhi ya jamii iitwayo Namunyak, iliyoanzishwa mwaka 1995 ili wanyama wa mwitu na mifugo wapate kuishi pamoja, na faida ya wageni iwafikie wenyeji. Na zaidi ya hayo yote, mlima huu una heshima kubwa kwa Wasamburu. Ni mahali pa ibada zao tangu zama za mababu. Aingiaye humo bila ruhusa ni kama aingiaye ua wa mtu kwa kuruka ukuta, hata kama ukuta wenyewe hauonekani.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza, miezi miwili kabla ya safari, ilikuwa kuandika barua. Tuliomba mambo matatu: kupiga mahema chini ya mlima kwa siku mbili, kupanda hata juu kwa njia ya miguu, na kukwea kwa kamba sehemu ndogo ya ukuta wa jabali. Tulitaja idadi yetu, siku zetu na jina la kiongozi wetu. Jibu likaja kwamba mambo mawili ya kwanza yamekubaliwa, kwa ada maalumu na kwa sharti la kufuatana na vijana wawili wa pale watakaotuongoza. Na lile la tatu tutajibiwa na wazee tutakapofika.

Maji kabla ya chakula

Kazi ya pili ilikuwa maji. Nchi ile ina misimu miwili ya mvua, ya Machi hata Mei na ya Oktoba hata Desemba, lakini msimu si ahadi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, na mifugo wengi mno wakafa. Mgeni anayefika na madumu matupu akitegemea kisima cha wenyeji, huenda akanywa maji ya ng'ombe wa yatima.

Tulifanya hesabu yetu hivi. Tulikuwa watu 12, na viongozi wawili wa pale, jumla 14. Kila mtu tulimwekea lita 5 kwa siku, za kunywa na kupikia, kwa siku tatu. Hiyo ni lita 210, yaani madumu 11 ya lita 20. Vijana walicheka walipoyaona yamepangwa katika gari kuliko mabegi yao. Jua la saa saba lilipowapiga hawakucheka tena. Na katika udhu, dini yetu ni nyepesi: mahali ambapo maji yaliyopo yahitajiwa kwa kunywa, Qur'ani Tukufu imetupa ruhusa ya kutayamamu kwa udongo safi. Kijana aliyesoma jambo hili kitabuni tangu utotoni alilielewa vema zaidi siku ile alipopiga viganja vyake juu ya mchanga.

Chakula hakina maneno mengi: mchele, unga, dengu, tende, chumvi na sukari, vyote vilivyonunuliwa Isiolo, mji ambao Waislamu wamekaa tangu zamani, wakiwamo Wasomali waliotumikia jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza na kupewa makao hapo. Tulichukua jiko la gesi, maana mti mmoja katika nchi kavu huchukua miaka mingi kukua, na haifai mgeni aukate kwa kuchemshia chai. Tulichukua pia sanduku la dawa, tochi kwa kila mtu na magunia ya kurudishia takataka. Archer's Post tuliuliza polisi khabari za usalama wa njia, tukawaachia majina yetu na siku ya kurudi. Hospitali kubwa tuliyoitegemea iko Isiolo, na dereva alikatazwa kwenda mahali popote na gari tulipokuwa mlimani.

Kamba hukatikia pabovu

Sisi watu wa pwani twajidai kuwa tunajua kamba. Tumekua na kamba za makumbi na za majahazi. Lakini kamba ya kukwelea ni nyingine. Hufumwa kwa nailoni. Ndani mna nyuzi za nguvu, na nje mna ala ya kuzilinda. Nayo hunyumbuka mtu aangukapo, ili mshituko usimvunje mwili. Kamba isiyonyumbuka, hata ikiwa yaweza kuvuta lori, huweza kumwumiza vibaya mtu aliyeanguka nayo. Yetu ilikuwa ya mita 60. Mwalimu aliwafundisha vijana kuipitisha mikononi shibiri baada ya shibiri, wakitafuta mahali palipolainika au palipochubuka. Aliwakataza kuikanyaga, kwa kuwa mchanga huingia ndani ukazikata nyuzi kidogo kidogo; na aliwakataza kuiweka karibu na betri ya gari, maana tindikali yake huidhoofisha nailoni bila kuacha alama ya kuonekana kwa macho. Wahenga walisema kuwa kamba hukatikia pabovu, na mwalimu yule aliongeza kuwa pabovu hutafutwa nyumbani, si juu ya jabali.

Tukiwa njiani kutoka Mombasa tulikaa siku mbili katika miamba ya Lukenya, karibu na Mto Athi, ambako wakwezi wa Nairobi wamejifunza kwa miaka mingi. Hapo kila kijana alijifunza kufunga fundo la umbo la nane, kuvaa mkanda wa kiunoni na kofia ngumu, na kumshikia kamba mwenziwe. Na sharti moja halikuvunjwa hata mara moja: hapana aliyeinua mguu kabla mwenziwe hajalitazama fundo lake kwa macho na kuligusa kwa mkono. Kijana hodari na kijana mwoga walikuwa sawa katika sharti hilo. Mmoja alipofika juu kidogo akatetemeka, aliteremshwa pole pole, wala hapana aliyemcheka.

Tulivyojibiwa

Tulifika chini ya Ololokwe alasiri. Wazee watatu walikuwa wamekaa chini ya mgunga wakitungoja. Baada ya salamu na kuulizana hali za watu, mvua na mifugo, mmoja wao akaniuliza kwa Kiswahili kizuri, "Mwalimu, vijana hawa wamekuja kutazama nini?"

Nikamwambia, "Mzee, wamekuja kuuona mlima wenu, na kujifunza kukwea kidogo kwa kamba, ikiwa mtaturuhusu."

Mzee akainua fimbo yake akaelekeza penye ukuta wa jabali, palipokuwa na michirizi myeupe kama chokaa iliyomwagika. Akasema, "Pale ndipo wanapozaa tumbusi. Sasa wana makinda. Mlima pandeni, njia tutawaonyesha. Lakini ukuta ule, hapana."

Vijana waliinamisha vichwa. Walikuwa wamejifunza kwa wiki nyingi, na fedha za kamba na za mwalimu zilitoka mifukoni mwa wazazi wasio matajiri. Kijana mmoja akaninong'oneza kwamba ada imekwisha kulipwa, kwamba jabali ni kubwa, na ndege wakiwa upande ule sisi twaweza kuwa upande huu. Neno lake halikuwa la kipumbavu, na nilimwacha alimalize.

Mwalimu wa kukwea ndiye aliyejibu kwanza. Alieleza kuwa ndege hao, waitwao tumbusi wa Rüppell, hutaga yai moja tu katika msimu mmoja. Huliatamia kwa siku 55 hivi, kisha humlea kinda kwa muda wa miezi mitano hivi kabla hajaruka. Mzazi akishituliwa akaondoka, yai au kinda hubaki katika jua kali, au huchukuliwa na ndege wengine. Tangu mwaka 2015 ndege huyu ametiwa katika daraja la viumbe walio katika khatari kubwa kabisa ya kutoweka, na sababu moja kubwa ni sumu inayotiwa katika mizoga ili kuulia simba na fisi. Na huyu ndiye mtumishi wa wafugaji bila mshahara, maana huumaliza mzoga kabla haujaeneza maradhi. Ndiye pia aliyegongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, katika kimo cha futi 37,000. Hapana ndege mwingine ajulikanaye kuwa alionekana juu zaidi ya hapo.

Kisha nami nikawakumbusha jambo ambalo kila mtoto wa Kiislamu hufundishwa. Mtu hapigi hodi katika nyumba ya mwenziwe ila awe tayari kwa majibu mawili, karibu au rudi. Qur'ani Tukufu, katika Sura An-Nur, imetufundisha kuwa tukiambiwa turudi, turudi, na kwamba kufanya hivyo ni usafi zaidi kwetu. Apigaye hodi hali amekwisha kuazimu kuingia, hakuomba ruhusa. Ametoa khabari tu ya kuingia kwake. Na ada tuliyolipa ilikuwa ada ya yale tuliyokubaliwa. Haikununua lile ambalo tangu mwanzo tuliambiwa tungoje jibu.

Tukawashukuru wazee. Yule mzee, alipoona kuwa hapana aliyenung'unika, akatuonyesha jiwe kubwa lililojitenga chini ya mlima, lenye kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, akasema, "Lile ni la mbuzi tu. Chezeni." Mwalimu alilikagua juu na chini, akaona lafaa. Vijana wakalikwea mpaka jua likakaribia kuchwa, kila mmoja na fundo lake lililotazamwa na mwenziwe, na yule aliyetetemeka Lukenya akafika juu yake.

Siku ya pili tuliswali Alfajiri, tukakung'uta viatu kwa ajili ya nge, tukaondoka kabla ya joto. Tulipanda kwa muda wa saa nne pamoja na viongozi wetu, kwa mwendo wa aliye mnyonge kuliko wote. Juu ya mlima nchi hugeuka: kuna upepo wa baridi, mierezi, na mimea ya kale yenye majani kama ya mtende. Upande wa magharibi twaliona safu ya milima ya Mathews. Tulipoketi mbali na ukingo kupumzika, tumbusi mmoja akapita chini yetu amekunjua mbawa bila kuzipiga, tukauona mgongo wake. Yule kijana aliyeninong'oneza jana alimtazama mpaka akapotea nyuma ya jabali, kisha akaniuliza, "Maalim, yule anakwenda kumlisha mwanawe?" Nikamwambia huenda ikawa hivyo.

Wazazi, mtoto akija kwenu akitaka safari kama hii, msimzuie kwa hofu peke yake, wala msimwachilie kwa dua peke yake. Mwulizeni maswali haya kwa mpango: Nchi hiyo ni ya nani, na amejibu nini? Maji ni lita ngapi kwa kila mtu, na kwa siku ngapi? Kamba ni ya namna gani, na nani ameikagua? Nani atayetazama fundo lako? Nani amebaki nyuma anayejua siku ya kurudi kwenu? Kisha mwulizeni la mwisho, ambalo ndilo zito: Ukifika ukaambiwa hapana, utafanyaje? Ikiwa analo jibu jema la swali hilo, mpeni nauli, na Mwenyezi Mungu amrudishe salama. Ikiwa hana, basi bado hajamaliza kufungasha.