Mkono wa Mdogo Wangu

Mtu akimwona mdogo wangu amekunja mikono ya shati, swali lake la kwanza huwa juu ya moto. Moto wenyewe hauna masimulizi marefu. Ilikuwa masika ya 1991, kwetu Muheza. Mafuta ya taa tuliyouziwa dukani yalikuwa yamechanganywa na petroli, na kibatari kikalipuka mezani. Alikuwa na miaka 4. Alivaa shati la tetroni, kitambaa ambacho kikishika moto huyeyuka na kuganda mwilini. Jirani yetu alimburuta nje akammiminia maji ya mtungi, kata baada ya kata, huku wengine wakikimbilia dawa ya meno, mayai na mafuta ya sungura. Bibi alisimama mlangoni akawarudisha wote na vikopo vyao. Tukapanda lori la machungwa hadi Tanga.

Yaliyofuata ndiyo marefu, na hayo haulizi mtu.

Nilikuwa na miaka 14, nikatolewa shule nipokezane na mama kuuguza. Usiku ule daktari alikishika kiganja cha mdogo wangu, akawa anakilinganisha na majeraha: kiganja cha mtu pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mkono wa kulia, kwapa, kifua, sehemu ya mgongo na shingo, akapata 22. Akatueleza kwamba aliyeungua kiasi hicho huuawa na ukavu kabla ya kidonda, kwa sababu maji ya mwili yanavuja kutoka kwenye mishipa. Kilo zake 15 mara asilimia 22 mara mililita 4: mililita 1,320 za dripu kwa siku ya kwanza, na nusu yake iwe imeingia ndani ya saa 8, zikihesabiwa tangu moto ulipowaka, si tangu tulipofika.

Sista wa zamu hakuwa na swali jingine: "Amekojoa?" Kila akipita, "Amekojoa?" Alfajiri akakojoa, na mama akapiga kigelegele, wodi nzima ikaamka. Sijapata kuona tena mkojo ukipokewa kwa shangwe namna ile.

Kisha zikaja siku za kufungua bandeji. Toroli lilikuwa na gurudumu moja linalolia, na likianza kulia kule mwisho wa korido, watoto wote walianza nao. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyekuwa na haraka. Yeye alivuta gozi likiwa kavu, likatoka na nyama changa iliyokuwa imeanza kuota. Sista mtu mzima, ambaye wote tulimwombea awe zamu, alichemsha maji, akayatia chumvi, akayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha akamlaza mkono ndani ya beseni. "Tulia, baba, litaachia lenyewe." Na liliachia. Ilichukua muda, na muda ndio uliokuwa haba pale, wauguzi wawili kwa watoto wa wodi nzima.

Ukubwani nilikuja kusoma kwamba maji ya chumvi yana historia. Daktari Archibald McIndoe, aliyetibu marubani walioungua katika vita vya pili vya dunia kule East Grinstead, Uingereza, aliona kwamba walioangukia baharini walipona vizuri zaidi, akaanza kuwaogesha wengine kwa maji ya chumvi. Mwaka 1957 huyo huyo McIndoe, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, alianzisha Madaktari wa Ndege, ambao sasa ni Amref Health Africa. Sidhani kama yule sista aliwahi kulisikia jina lake.

Kidonda kinakula, sista alituambia; kisipopewa, kitamla mtoto. Yai asubuhi, yai jioni, maziwa, maharage. Mama aliuza doti zake za kanga moja baada ya nyingine, akabaki na ile aliyoivaa. Mama mmoja wa Pangani, aliyekuwa na binti aliyemwagikiwa uji, alitugawia samaki kila nduguze walipokuja. Walipompandikiza mdogo wangu ngozi waliichuna pajani, na kwa siku kadhaa alilia paja kuliko mkono. Binti wa Pangani hakurudi kwao akiwa hai. Mama yake alituachia sufuria.

Tulidhani kurudi nyumbani ndiyo kupona, kumbe kovu nalo lina mwendo wake. Linawasha usiku kiasi cha mtoto kuligugunya, nasi tulilisugua kwa mafuta ya nazi mpaka asinzie. Tena linavuta. Alipenda kukunja kiwiko na kubana kwapa, maana hivyo hakuumia, na sista alikuwa ametuonya: mkao wake wa raha ndio utakaomlemaza. Usiku tuliufunga mkono kwenye ubao. Mchana bibi alining'iniza chungwa kwenye boriti ya baraza, na kamba akaipandisha kidogo kila Ijumaa. Alilia, akamtukana bibi, akamwita mchawi. Bibi akapandisha kamba. Majirani walituona wakatili.

Pamoja na hayo yote kwapa lilishikana. Mwaka 1993 daktari bingwa aliyekuja kwa ndege ndogo alilifungua, akaweka ngozi nyingine, na ubao na chungwa vikaanza upya. Safari hii alizoea kuniita mwenyewe nije kufunga kamba.

Januari iliyofuata tulimpeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, hivyo umri ulipimwa kwa mkono: uupitishe juu ya kichwa uguse sikio la upande wa pili. Mwalimu akasema mkono wa kulia. Ulipanda, ukapita utosini, ukakomea hapo.

"Bibi, huyu bado mdogo. Mleteni mwakani."

"Mwalimu," bibi akasema, "mkono huo una umri mkubwa kuliko wewe. Mpe wa pili."

Akaupitisha wa kushoto, akalishika sikio la kulia, akalivuta mpaka mwalimu akamwambia basi. Jina likaandikwa, akaambiwa Jumatatu aje na ufagio na kidumu cha maji.