Mibuni ya babu

Jamani, nilipotea kidogo. Nilikuwa Machame kwa babu, na huko nimekuta ugomvi: binamu yangu anataka kung'oa mibuni yote apande parachichi. Babu, miaka 84, kakaa kimya wee, mwisho akanigeukia. "Mjukuu wangu, wewe si mwandishi wa habari? Unasemaje?"

Nilikosa jibu. (Gazeti letu linaishi kwa matangazo ya soda na simu, kahawa naijulia wapi?) Lakini usiku sikulala. Kule Japani jina "Kilimanjaro" lina heshima kubwa kwenye kahawa, hata arabika ya Mbinga na Mbeya huuzwa kwa jina hilo. Na mchanganyiko ukiwa na asilimia 30 tu ya kahawa yetu, unaruhusiwa kuitwa Kilimanjaro! Mlima wetu, asilimia 70 ya wengine.

Waethiopia waliliona hilo mapema. Mwaka 2005 serikali yao iliomba kusajili Marekani majina ya Yirgacheffe, Harar na Sidamo, ikabishana na Starbucks hadi wakaelewana 2007. Sisi je?

Ila tusijidanganye, jina bila kahawa nzuri ni bango tu. Babu anamenya kahawa yake nyumbani kwa mashine ya mkono. Anachambua mbivu tupu, anaosha vizuri. Jirani anachanganya na mbichi, wa tatu anaichachusha siku nyingi mpaka inanuka. Zote zinamwagwa ghala moja. Mwonjaji akikamata kikombe kule Moshi, babu yangu hamwoni. Wanaopeleka mbivu siku hiyohiyo kwenye mashine moja ya kikundi wanatoa mzigo wenye ladha moja, na huo ndio wanunuzi wakubwa wanautafuta.

Nikamweleza binamu, nikaongeza kwamba Februari 2025 bei ya New York ilipita dola 4 kwa ratili. Akacheka. "Kaka, New York hainilipii ada ya watoto. Malipo ya pili ya msimu uliopita mpaka leo hatujayaona."

Hapo nikanyamaza, maana ni kweli.

Tumekubaliana msimu mmoja. Mbivu zote zinakwenda kwenye mashine ya kikundi, na mimi nalipia kibarua wa kuchuma. Miche ya parachichi ameshainunua lakini, nimeiona imepangwa nyuma ya jiko.