Mtoto hakumbuki tebo? Sikiliza anachoimba

Msomaji mpenzi, umewahi kumwadhibu mtoto kisha ukagundua baadaye kwamba kosa halikuwa lake? Mimi nimewahi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu leo.

Ilikuwa jioni, chakula kikiwa bado mekoni. Binti yangu wa Gredi ya Nne alikuwa ameketi mezani na daftari lake la hisabati, nami nimesimama nyuma yake kama askari jela. "Saba mara nane?" nikauliza. Akatazama dari. "Hamsini na... nne?" Nikamwamuru arudie tebo ya saba tangu mwanzo. Alipofika saba mara tano akakwama. Akarudia, akakwama pale pale. Mara ya tatu nilimfinya sikio nikamwambia neno ambalo mzazi hapaswi kumwambia mwanawe, kwamba kichwa chake ni kizito. Alifunga daftari akaenda jikoni kwa mamake huku machozi yakimlengalenga.

Haukupita muda nikamsikia akiimba huku akipanguza sahani. Ulikuwa wimbo wa redioni, wenye beti tatu ndefu na maneno yanayokwenda mbio kama matatu inayofukuzia abiria. Hakuruka hata neno moja. Mke wangu akachungulia sebuleni.

"Baba watoto," akaniambia, "mtoto anayeshika haya yote, kichwa chake kina uzito gani?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo nilimkumbuka rafiki yangu wa zamani.

Nilisoma shule ya msingi katika miaka ya themanini. Tebo zilikuwa zimechapishwa kwenye jalada la nyuma la daftari, nasi tulizikariri kwa sauti hadi koo zikakauka. Kisha mwalimu alipita kati ya madawati na fimbo yake. Aliyejibu aliketi, na aliyekosa alinyoosha kiganja. Rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja alinyoosha kiganja karibu kila asubuhi. Tulipokuwa darasa la tano alianza kujificha shambani wakati wa kipindi cha hesabu, na hatimaye akaacha kabisa kuja shuleni. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Hata hivyo, maneno ya mzazi nyumbani huenda yakauma kuliko fimbo.

Siku chache baadaye nilimsimulia dada yangu anayeishi Marekani kisa hiki kwa simu. Badala ya kunilaumu alinitumia katuni fupi za zamani, akasema waliokulia huko katika miaka ya sabini wanaziimba hadi leo. Nilizitazama mwenyewe kwanza, kisha nikatafuta habari zake. Hebu nikusimulie, kwa maana nilijikuta ndani yake.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Bwana David McCall alikuwa mkuu wa kampuni ya matangazo ya biashara jijini New York. Mwanawe alishindwa kukariri tebo, lakini aliziimba nyimbo za Rolling Stones bila kukosea. McCall hakumfinya sikio. Alijiuliza: kama muziki unaweza kumtia mtoto maneno yote hayo kichwani, kwa nini usimtie tebo? Kazi hiyo ikamwangukia Bob Dorough, mwanamuziki wa jazi, ambaye aliombwa asiwatungie watoto kana kwamba ni wajinga.

Wimbo wa kwanza aliouleta ulihusu tebo ya tatu. Bwana Tom Yohe, mchoraji katika kampuni hiyo, aliusikia akaanza kuuchorea picha, na wazo lililoanza kama santuri likageuka kuwa katuni. Januari 1973 televisheni ya ABC ilianza kuzionyesha Jumamosi asubuhi, dakika tatu hivi kila moja, kati ya vipindi vya watoto. Nyimbo za kuzidisha zilikuwa 11, na mkusanyiko wake uliitwa Multiplication Rock. Baadaye zilifuata za sarufi, historia na sayansi, zote chini ya jina la Schoolhouse Rock. Dorough alifariki mwaka wa 2018 akiwa na umri wa miaka 94.

Lililonishangaza ni kwamba nyimbo hizo hazimwimbishi mtoto majibu tu kama kasuku. Ule wa tatu unaanza kwa kumwonyesha vitu viendavyo kwa utatu, hata mume, mke na mtoto wao. Nilipousikia nilikumbuka mafiga matatu ya mama yangu, maana figa moja haliinjiki chungu. Ule wa tano umejengwa juu ya mchezo wa kujificha, ambapo anayetafuta huhesabu tano, kumi, kumi na tano kabla ya kuanza msako. Ule wa tisa unafichua siri: jumlisha tarakimu za jibu utapata tisa. Jaribu mwenyewe. Tisa mara tatu ni 27, na mbili na saba ni tisa. Tisa mara sita ni 54, na tano na nne ni tisa. Ule wa kumi na mbili nao unamleta kiumbe mwenye vidole kumi na viwili, ili mtoto aone kwamba sisi twahesabu kwa makumi kwa sababu ya vidole vyetu.

Usidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Hapa Afrika Mashariki kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka wa 2014, kinafundisha hesabu kwa katuni na nyimbo za Kiswahili.

Sisi nyumbani hatukungoja televisheni. Nilimwomba binti yangu msamaha kwanza, na sitaficha kwamba lilinichukua siku mbili kupata ujasiri huo. Kisha nikamwomba achague mdundo. Alichagua ule wanaoutumia kuruka kamba. Saba, kamba chini. Kumi na nne, kamba chini. Ishirini na moja, na kuendelea. Kufikia Jumamosi majirani wote walijua tebo ya saba, wapende wasipende.

Lakini wimbo una kasoro yake, nami sitakudanganya. Nilipomuuliza saba mara nane ghafla, ilimbidi aanze kuimba tangu mwanzo, akihesabu kwa vidole, mpaka akafika hamsini na sita. Kwa hiyo tulimwaga maharagwe mezani, tukayapanga safu saba za punje nane nane. Alizunguka meza akayatazama kutoka upande wa pili, akanyamaza kidogo. "Kumbe, Baba, ukisimama huku ni nane mara saba!" Hakuna wimbo uliomfundisha hilo. Ila wimbo ulimwondolea hofu, na mtoto aliyetulia ndipo akapata nafasi ya kuona.

Mwezi uliopita nilikwenda mashambani nikampitia yule rafiki yangu. Anauza machungwa sokoni. Mteja alimwitisha machungwa manane ya shilingi kumi na tano, naye alitaja shilingi mia moja na ishirini kabla sijaanza kufikiri. Nilimsimulia habari za binti yangu, kamba na maharagwe. Alicheka sana. Kisha akaendelea kupanga machungwa yake bila kunitazama, akasema, "Mwalimu angeturukisha kamba, mimi nisingejificha shambani."

Msomaji mpenzi, jioni ya leo kabla hujamkemea mwanao kwa hesabu zake, tega sikio ujue anaimba nini. Huenda tebo ya saba inangojea tu mdundo huo. Na kama ulikwisha kumwambia neno zito, hujachelewa kulirudisha.